Kornel Nangomwa na Egemeo la Bunduki la Miti Mitatu

Ndugu zetu wa Mnero, na ninyi mliotembea kutoka Nambambo, Ruangwa na Nanganga, Waislamu na Wakristo, asanteni kwa kuja kumsindikiza ndugu yetu. Mimi ni Gaudens, mdogo wake marehemu. Familia imenituma niwasomee habari za maisha yake, nami nitajitahidi nisome kama yeye alivyopenda kusikiliza, yaani bila kuruka jambo.

Kornel Nangomwa alizaliwa hapa Mnero tarehe 16 Septemba 1911, siku ya mtakatifu somo wake. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Kipriani Nangomwa na mama Apolonia, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Mama alikuwa akisema kwamba Kornel alianza kuuliza kabla hajajua kutembea. Alikuwa akinyoosha kidole kwenye moto, kwenye kuku, kwenye mwezi, na asipojibiwa analia.

Mwaka 1922 alipelekwa shule ya misheni Lukuledi, akasoma hadi darasa la nne. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Asubuhi moja alichelewa sana, na mwalimu akamwuliza alikuwa wapi. Kornel akasema aliwakuta siafu njiani, akawamwagia majivu mbele yao ili aone watapita upande gani. Darasa zima lilijua kwamba fimbo inakuja. Mwalimu akauliza, "Walipita upande gani?" Kesho yake wakaenda wote wawili kutazama. Marehemu alimkumbuka mwalimu yule kwa upendo maisha yake yote.

Mwaka 1931 aliajiriwa kuwabebea mizigo askari wa wanyama, na mwaka 1936 akawa askari kamili, akapewa bunduki na sare. Kazi yake ilikuwa kulinda mashamba dhidi ya tembo, nyati na nguruwe, kuanzia Nambambo hadi ng'ambo ya Ruangwa. Kabla ya hapo, tarehe 27 Aprili 1935, alikuwa amefunga ndoa takatifu na Dionisia, binti wa jirani yetu. Mungu aliwajalia watoto wanne, wa kwanza Sofia. Dionisia anasema siku ya kuposwa Kornel hakumsifia uzuri wake. Alimwuliza jinsi anavyopika ugali wa mtama usishike chungu, akasikiliza jibu lote hadi mwisho, naye Dionisia akaona kwamba huyo ni mume.

Mwezi Machi 1948, karibu na mto Lukuledi, nyati alimkanyaga akamvunja mkono wa kushoto. Mfupa uliunga, lakini uliunga kombo. Mkono uliweza jembe, uliweza ndoo. Ulichoshindwa ni kukaa tuli. Akiunyoosha kubeba uzito wa bunduki, ulianza kutetemeka. Kornel alijipa moyo kwamba utazoea.

Haukuzoea. Mwezi Mei 1949 aliitwa Nambambo, tembo wameingia kwenye mtama. Ninyi mnazijua nyasi zetu baada ya mvua. Huwezi kulala chini ukapiga, wala kupiga magoti, maana huoni chochote. Ni lazima usimame. Kornel akasimama, mtutu ukacheza, risasi ikampata tembo begani badala ya mahali pa kumwangusha. Yule mnyama akakimbia na maumivu yake kwenye njia ya kisimani, akamkuta Mwantumu binti Amri anarudi na maji. Akamrusha. Mwantumu hakufa, lakini nyonga ilivunjika, na tembo akatokomea porini.

Mtoto wa Mwantumu, Shaibu, alimkuta Kornel nje ya zahanati.

"Mzee Kornel," alisema, "kama mkono hauwezi, si ungesema?"

Kornel alituambia kwamba katika maswali yote aliyowahi kusikia, hilo ndilo lililomfanya afunge safari. Alikwenda mwenyewe Nachingwea kwa bwana wanyama, mkuu wake wa kazi, akaeleza yote bila kujitetea. Bwana yule alikuwa mtu mwelewa. Akamwambia, "Nakupa hadi mtama ujao ukomae. Ukinionyesha unapiga bila kutikisika, bunduki utabaki nayo. La sivyo, nitakutafutia kazi nyingine."

Kazi nyingine haikumwogopesha. Lililomnyima raha ni kwamba yule tembo mwenye risasi yake begani alikuwa bado anatembea. Habari zake zilifika kila mwezi: anachechemea, haogopi tena watu, amevunja ghala, amemfukuza mzee mmoja hadi mlangoni kwake. Kornel alisema, "Yule ni wangu. Nimemwanza mimi."

Basi akaanza kutafuta namna ya kuupumzisha mkono. Kwanza alikata mti mmoja wenye panda, akaegemeza bunduki juu yake. Lakini atajuaje kama mtutu umetulia? Risasi alipewa kwa hesabu, hakuweza kuzichezea. Akawaza siku kadhaa. Halafu akachukua kipande cha kioo kilichovunjika, akakifunga kwa uzi kwenye ncha ya mtutu, akasimama uani jua likiwa kali. Mwanga wa kioo ukaangukia ukuta wa nyumba, na kila mtutu ulipotikisika, ule mwanga ulirukaruka. Mtetemeko ambao jicho halikuuona kwenye bunduki, ukutani ulikuwa mkubwa kama sahani.

"Mama Sofia!" akaita. "Lete mkaa! Zungushia pale mwanga unapofika!"

Majirani walipita wakamwona askari wa serikali ameielekezea bunduki nyumba yake, na mke wake yuko ukutani anachora. Mmoja akauliza, "Baba Sofia, siku hizi unawinda ukuta?" Bunduki haikuwa na risasi, lakini mama yetu mkubwa, dada yake mama, hakusubiri kuambiwa. Alimfuata Dionisia pale ukutani akamvuta kwa kanga. Dionisia akarudi palepale. Naye alikuwa ameshashikwa na hamu ya kuona.

Mti mmoja uliacha mwanga ukimbie kulia na kushoto. Akafunga miti miwili ikapishana kama mkasi. Kulia na kushoto kukatulia, lakini mwanga ukawa unapanda na kushuka. Akaongeza wa tatu. Mchoro wa Dionisia ukawa mdogo kama yai, na hapo Kornel akagundua kwamba kilichobaki kukisogeza kile kiyai ni pumzi yake mwenyewe. Alipotoa pumzi nusu akaizuia, mwanga ulisimama. Dionisia alipiga kigelegele, watu wakadhani kuna mtoto amezaliwa.

Fundi seremala Adinani, rafiki yake wa Nachingwea, alimsaidia kuchagua miti iliyo myepesi lakini isiyopinda. Waliichonga ncha ili ing'ang'anie ardhi, wakaifunga juu kwa utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, ili ivutane lakini ifunguke kwa mkono mmoja. Ukiibana miguu, egemeo linapanda, ukiitanua, linashuka. Wakaenda kujaribu risasi ya kwanza kwenye debe lililotundikwa mbele ya kichuguu. Risasi ikapita juu. Mwanga ulikuwa umetulia kabisa, na bado risasi ikapita juu!

Walikaa chini wote wawili wakitazama lile debe zima.

"Mtutu umelala juu ya mti mtupu," Adinani akasema baadaye. "Labda mti mgumu unaurusha, kama nyundo inavyoruka ukigonga chuma."

"Labda," Kornel akasema. "Tuone."

Walishona kimto cha ngozi ya mbuzi, wakajaza sufi, wakakifunga kwenye panda. Safari hii Kornel hakulaza mtutu wenyewe. Alilaza ule mti wa bunduki ulio chini ya mtutu. Risasi ikatoboa debe katikati. Adinani alilivaa lile debe kichwani akacheza nalo hadi nyumbani.

Mwezi Aprili 1950 habari zikaja kwamba mchechemeaji yuko Nanganga, ndani ya mtama. Kornel alikuwa anafunga mzigo wake alipotokea Shaibu.

"Nitakwenda na wewe," Shaibu akasema. "Nyayo zake nazijua."

"Kwa nini unataka kwenda na mimi?"

"Nataka kuona huo mti wako."

"Watu wengi wanauona wanacheka."

"Mimi sijacheka."

Walimpata asubuhi, umande haujakauka, mahali mtama unapokutana na nyasi zilizowazidi kimo. Tembo alikuwa amewapa mgongo. Kornel akafungua egemeo, akalisimika, akalaza bunduki, akangoja. Tembo akageuka polepole, ule mguu mbaya ukiburuta.

"Piga," Shaibu akanong'ona.

"Bado. Pumzi yangu haijatulia."

Shaibu anasema alitamani kukimbia, na kilichomzuia ni kwamba ule mtutu haukusogea hata kidogo, kana kwamba umeota pale. Tembo akatikisa sikio. Bunduki ikalia mara moja. Mnyama akaanguka kwa magoti, akalala, asinyanyuke tena.

Kornel akalikunja egemeo lake kwanza, akalifunga. Watu wa Nanganga walikuja na visu na vikapu, wakiimba. Yeye alikwenda begani kwa tembo, akapasua kovu, akakuta usaha na risasi yake ya mwaka uliopita. Akaifumbata mkononi. "Alikuwa anaumwa muda wote huu," akasema. "Sisi tulimwita mkorofi." Hakula nyama ile.

Wakarudi hadi Nambambo. Mwantumu alikuwa amekaa barazani.

"Amekufa?" akauliza.

"Amekufa, dada," Kornel akajibu.

"Aliteseka?"

"Leo hakuteseka. Siku nilizomwacha ndizo alizoteseka. Na wewe pia. Nisamehe."

 Mwantumu aliomba aone egemeo. Akalishika, akajinyanyua nalo, akalikandamiza kwapani, akahema. "Hiki kimto ni kizuri," akasema. "Nitengenezee langu, nitembelee." Kornel alimtengenezea magongo mawili yenye ngozi na sufi juu, na kipande cha mpira chini yasiteleze. Kwa magongo hayo Mwantumu alirudi shambani kwake, na akamwozesha Shaibu akiwa amesimama.

Bwana wanyama alilijaribu egemeo mwenyewe, akacheka kwa furaha, akamwachia Kornel bunduki. Tangu mwaka huo marehemu alitumwa Ruangwa na kwingineko kuwafundisha wenzake kulitengeneza. Hakuna aliyefundishwa bila kuzungushiwa mkaa ukutani.

Mwanzoni mwa mwaka 1958 miguu ilianza kumvimba na pumzi kuwa fupi. Alistaafu, akalazwa mara kadhaa hospitalini. Huko alimwomba sista muuguzi amwazime kile chombo cha masikioni. Alisikiliza moyo wake muda mrefu, uso ukimng'aa, kisha akamwekea Dionisia masikioni. "Sikia," alisema, "kumbe humu ndani kuna mtu anatwanga." Dionisia alisikiliza, akageukia dirishani ili asimwonyeshe machozi. Sauti ile ya kutwanga ilikuwa inakosea mapigo.

Siku ya Jumatano, tarehe 9 Septemba 1959, padri alimpaka mafuta matakatifu. Tulikuwepo wote chumbani. Baada ya sala Kornel alifumbua macho, akamwita padri asogee.

"Padri, huko niendako, mtu anaruhusiwa kuuliza?"

Padri alifikiri kwanza. "Naamini anaruhusiwa."

"Na anajibiwa?"

"Naamini anajibiwa."

"Basi sawa," Kornel akasema. Alifariki mchana huo, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Marehemu ameacha mjane, Dionisia. Watoto wanne, Sofia, Fidelis, Apolonia na Kipriani. Mjukuu mmoja, Moza. Mdogo wake, ambaye ndimi ninayesoma. Na marafiki wengi ambao hawakuzaliwa naye lakini leo wamekaa upande wa wafiwa.

Mungu uliyemwumba na hamu ile yote, mpokee Kornel, umjibu taratibu, umpe pumziko jema.