Bahari Tuliyoipima Ikiwa Imelala

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Manispaa, Mchungaji Holappa, Ndugu Martti Kaakko mwenyekiti wa ushirika wetu wa maji na fukwe, wageni waalikwa, majirani zangu wa Hietaluoto, na wewe Lahja Törrö uliyekaa karibu na mlango ingawa nilikuwekea kiti mbele:

Mmenikusanyikia leo, Jumamosi tarehe saba Juni, ili mniage baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusoma alama ya mwamba. Sifa zenu nimezisikia. Mchungaji amesema mkono wangu haujawahi kuandika namba ya uongo, na ni kweli, haujawahi. Hilo ndilo linalonishtua mpaka leo. Namba zangu zote zilikuwa za kweli, na ndizo zilizomweka mama na mtoto wake ndani ya maji. Nitapokeaje saa hii nzuri ya ukutani, nirudi nyumbani, ninyamaze?

Sisi ni watu wa ajabu kidogo, ndugu zangu. Pwani nyingine watu huiogopa bahari inayowasogelea. Sisi tumelelewa kuiona ikitukimbia, maana ardhi yetu huinuka kidogo kidogo kila mwaka. Babu yangu alifunga mashua yake hapa, penye jiko hili ambamo akina mama wanapasha supu ya samaki. Kila kizazi kimebomoa mabanda yake ya nyavu, kikayapiga magogo namba, kikayashusha na kuyajenga upya karibu na maji. Ardhi mpya inapoibuka huwa ya ushirika, na ushirika huwapa vijana. Nani kati yetu amewahi kuona nyumba ikihamishwa kwenda juu? Nimepekua shajara zangu, nikapekua na za marehemu baba. Hakuna hata moja.

Na bahari tuliipimaje? Mara moja kwa mwaka, asubuhi ya mkesha wa sikukuu ya kiangazi, bendera zikiwa zimepandishwa, maji yametulia kama maziwa kwenye bakuli. Nilishusha fimbo kutoka mstari uliochongwa mwambani mwaka 1881 hadi kwenye maji, nikatangaza namba kwa sauti, mkapiga makofi, tukanywa kahawa. Mara ya mwisho ilikuwa sentimita mia moja ishirini na moja. Kila mwaka maji yalishuka hatua nyingine ndogo chini ya mstari. Tulikuwa tunashangilia.

Nitawasomea ukurasa mmoja wa shajara, wa tarehe 19 Juni 2009. Nimeandika: "Baada ya kupima, Lahja alinisimamisha mbele ya watu."

Alisema, "Aulis, umeipima imelala. Njoo Novemba uipime ikiwa imeamka."

Nikamjibu, "Dada Lahja, kitabu kinataka namba moja kwa mwaka. Hakina safu ya kuandika hasira."

Ndipo Martti akadakia, "Mwache, Aulis! Amekwaruza mlango wa banda lake mpaka paka anaona aibu."

Tulicheka wote. Nimeandika hata hilo: "Tulicheka." Mikwaruzo ile ilikuwa ya baba yake na ya kwake mwenyewe, mmoja kwa kila dhoruba ya vuli, pale maji yalipofika, na tarehe pembeni. Mlango ule ulikuwa hatua mia mbili kutoka ofisini kwangu. Sikwenda kuutazama hata siku moja.

Miaka minane iliyopita Jouko na Ilmi Vuotila waliomba kiwanja Safu ya Chini, kwenye ardhi mpya karibu na maji. Walikuwa na magogo ya nyumba ya bibi yake Jouko, mikono miwili miwili, na haraka ya vijana. Ushirika ukaniuliza kama mahali panafaa. Nilifungua kitabu, nikajumlisha, nikagawanya, nikaandika neno moja: "Panafaa." Manispaa ikasoma neno langu ikagonga muhuri. Mheshimiwa, sikulaumu peke yako; muhuri wako ulifuata kalamu yangu.

Kisha ikaja tarehe 14 Desemba mwaka jana. Ghuba ilikuwa bado wazi, haijaganda, ilhali enzi za ujana wetu, wakati kama huo, tungekuwa tumeshaanza kuendesha magari juu ya barafu. Upepo wa kusini magharibi ulikuwa umevuma siku mbili na kusukuma maji yote huku kwetu, yakakosa pa kwenda. Saa nne na dakika arobaini asubuhi simu ikalia. Alikuwa Lahja.

"Aulis, bahari iko kwa akina Vuotila."

"Iko kwao namna gani?"

"Imeingia ndani, bwana. Ulitaka nikwambie imepiga hodi?"

Jouko alikuwa zamu, kwenye kiwanda cha chuma. Ilmi alikuwa peke yake na Saimi, mtoto wa miezi mitano. Nilivaa mabuti marefu nikakimbia, na nikiwa njiani nikachukua fimbo yangu ya kupimia. Msiniulize kwa nini. Hata mimi nimejiuliza tangu siku hiyo.

Nilipofika mwambani, mstari wa mwaka 1881 haukuwepo. Ulikuwa chini ya maji. Ndugu zangu, nilisimama pale kama mtu aliyepigwa kofi na mzazi wake. Na nikafanya nini? Nikashusha fimbo. Nikatafuta mstari kwa ncha yake, nikasoma: sentimita arobaini na saba. Mtoto analia ndani ya nyumba, mimi nasoma namba!

Lahja, mwenye miaka sabini na mmoja na nyonga ya bandia, alikuwa ameshaikokota mashua yake bapa katikati ya shamba la viazi, maji yakimfika kiunoni na vipande vya barafu vikigonga ubavuni. Akanipigia kelele mbele ya kijiji kizima:

"Aulis! Ukimaliza kusoma, shika kamba!"

Nilishika kamba. Hayo ndiyo yote niliyoyafanya siku hiyo, nisije nikasifiwa kwa mengine.

Ilmi alikuwa amesimama juu ya meza ya jikoni. Saimi alikuwa ndani ya sanduku la samaki, amefunikwa koti la baba yake. Lahja alivunja dirisha kwa kasia.

"Nipe huyo kwanza."

"Siachii sanduku!" Ilmi akasema. Meno yake yalikuwa yanagongana.

"Basi mlete na sanduku. Sanduku lenyewe ni langu, mliazima Agosti."

Walitoka wazima wote wawili. Mnajua pia kwamba tangu wakati huo wanakaa mjini Oulu, kwa dada yake Ilmi, chumba kimoja. Jana jioni Ilmi aliniambia huenda wasirudi. Ningemwambiaje mahali panafaa?

Sasa nafika kwenye kazi yangu ya mwisho. Martti ameniomba nitie sahihi maombi sita mapya ya Safu ya Chini kabla keki haijakatwa. Haya hapa. Nayarudisha mezani bila sahihi. Martti, naona unatikisa kichwa. Nilitikisa hivyo hivyo mwaka 2009. Naomba kitabu cha alama akabidhiwe Lahja, na kiongezwe safu ya vuli. Lahja, usiangalie sakafu. Uliipima bahari siku ambazo sisi tulijifungia ndani, tukakucheka, ukaendelea kutuazima masanduku.

Na ninyi Jouko na Ilmi, nisikilizeni. Nina malisho yangu ya juu, nyuma ya kisima cha zamani. Juzi nilikwenda hatimaye kwenye ule mlango, na mimi na Lahja tukapima kutoka mkwaruzo wa juu kabisa. Malisho yale yako mita nne juu yake. Yawe yenu. Karatasi ziko kwa Mchungaji. Magogo yenu yamekauka, Jouko ameyagonga moja moja, mabovu ni matatu tu. Keshokutwa Jumatatu, saa moja asubuhi, tuyapige namba, tuibomoe nyumba ile, tuipandishe mlimani. Itakuwa nyumba ya kwanza ya Hietaluoto kuipa bahari kisogo, na wenzetu wa pwani watatucheka. Wacheke.

Sitaki makofi. Atakayekuja Jumatatu na glavu na mtaimbo, asimame sasa hivi, tumwone. Jouko na Ilmi, ninyi kaeni, mtazame tu. Uamuzi wa kurudi ni wenu na hakuna atakayewalazimisha.

Lahja, nilijua. Mchungaji, ahsante, lakini njoo bila hiyo kanzu. Akina mama wa jikoni, wote? Vizuri. Mheshimiwa Mwenyekiti, nashukuru, sikutegemea. Martti? Tunakungoja, ndugu yangu, trekta ni lako. Haya. Haya, nimekuona.

Ilmi, nimesema wewe ukae.

Basi simama, binti yangu. Simama.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza mpaka mwisho.