Theodory Margwe Akonaay, Mtu Aliyeuchunguza Uso Wake

Wasifu huu unasomwa na Ernestina, mtoto wa kwanza wa marehemu, kwa niaba ya mama yake na wadogo zake. Wengi mliokusanyika hapa mlimfahamu marehemu kwa kovu lake la shavuni. Tunaomba mtuvumilie tuwaeleze na yaliyokuwa chini ya kovu hilo, maana yeye mwenyewe angetaka yaelezwe.

Marehemu Theodory alizaliwa tarehe 3 Machi 1946 hapa Maretadu, Wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Margwe Akonaay na Mama Severina. Alikua akichunga ng'ombe wa baba yake, na alisifika kwa mluzi. Bibi Severina hueleza kwamba Theodory akipiga mluzi, ng'ombe wa jirani nao waligeuka na kumfuata, na jioni ilibidi wazazi wakutane kuwatenganisha.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1955 na kumaliza darasa la nane mwaka 1962. Hakupata nafasi ya kuendelea. Waliosoma naye wanakumbuka maswali yake. Siku moja mwalimu alimwambia, "Theodory, leo uliza moja tu, niwafundishe na wenzako." Alikaa kimya kipindi kizima akichagua lipi aulize, na kengele ikalia kabla hajachagua.

Mwaka 1970 alikwenda Wilaya ya Hanang, akaajiriwa katika shamba moja la ngano la serikali, kwanza kama dereva wa trekta, halafu wa kombaini, ile mashine kubwa ya kuvuna. Aliipenda kazi hiyo. Alikuwa akisema hakuna kitu kizuri kama kuwa juu ya kombaini mwezi wa saba, ngano imekauka na Mlima Hanang umetoka kwenye mawingu.

Ni katika mavuno ya mwezi huo, tarehe 19 Julai 1973, ndipo mkanda wa mashine ulipokatika ukizunguka. Kiungo chake cha chuma kilimpiga chini ya shavu la kushoto, kikachana ngozi kando ya mfupa wa taya. Wenzake walimfunga kwa shati na kumkimbiza hospitali ya misheni. Kidonda kilishonwa vizuri, kikapona. Lakini mdomo wa chini upande wa kushoto ulikuwa umelala. Akicheka, meno yalionekana upande mmoja tu. Uji ulimtoka. Mluzi nao ukawa upepo mtupu.

Wakati huo alikuwa amechumbia, na ndoa ilipangwa mwezi wa kumi. Alianza kula akiwa ameupa mlango mgongo, na kanisani alijifunga kitambaa mdomoni. Watu walisema maneno, wengine wakadai amelaaniwa. Hatimaye alikwenda Nambis kwa kina mchumba wake, Fabiola, akamwambia kwamba hamfungi, yuko huru kutafuta mwingine.

Mama anasema alimjibu hivi: "Uso wako wewe huuoni. Mimi ndiye nitakayeutazama kila siku. Mbona hujaniuliza mimi kama unanisumbua?"

Baba aliaga. Alirudi hospitali siku hiyo hiyo, na badala ya kuomba dawa alikwenda kuuliza.

Daktari aliyemshona, Dakta Tomaso, mwenyeji wa Songea, alimfumba macho akamgusa kidevu kwa pamba.

"Unasikia?"

"Nasikia, Daktari."

"Sasa shusha mdomo, kama mtu anayeonyesha meno ya chini."

Haukushuka. Baba akauliza, "Kama nasikia pamba, kwa nini mdomo haunisikii mimi?"

Dakta Tomaso alivuta kiti. Alimweleza kwamba usoni kuna mishipa ya fahamu ya aina mbili. Mmoja hupita ndani ya mfupa wa taya na kutokea kwenye kitundu kidogo karibu na kidevu. Huo huleta habari za baridi, moto na maumivu. Mwingine hutokea mbele ya sikio, ukatawanyika shavuni kama vidole vya mkono. Huo hupeleka amri ya kucheka, kununa, kufumba jicho. Kidole chake cha chini hupita ukingoni mwa taya, chembamba kama uzi, na ndicho kilichokatwa.

"Basi ndiyo mwisho?" Baba aliuliza.

"Sijui bado. Kwa watu wachache, matawi ya mdomo wa juu hutuma kijitawi kikaungana na hili la chini. Wengine hawana kabisa. Kwa nje huwezi kujua nani anacho."

"Na ule wa kuleta habari, hauwezi kumsaidia mwenzake?"

"Hapo kidevuni huwa inashikana, tumeiona. Inashikana kwa kazi gani, Bwana Theodory, hatujui sawasawa."

Baba alitusimulia mara nyingi kwamba maneno hayo ya "hatujui" yalimpa nguvu kuliko dawa. Alifika nyumbani kwa wazazi wake akavua kitambaa, akanunua kioo. Kila asubuhi alijitazama na kuuamuru mdomo ushuke. Ndoa iliahirishwa, kwa ridhaa ya pande zote. Mwezi wa kumi na mbili, alipokuwa akinyoa ndevu, pembe ya mdomo ilicheza. Alitoka nje na sabuni usoni, akawaita wazazi wake waje waone. Babu alitazama, akasema haoni kitu. Bibi alisema anaona.

Alifunga ndoa na Fabiola tarehe 12 Januari 1974 huko Nambis, mdomo ukiwa umerudi nusu. Walijenga Getanuwas, karibu na kazi yake. Krismasi ya kwanza alinunua kichwa cha mbuzi. Badala ya kukileta jikoni alikaa nacho uani na kisu, akitafuta kitundu cha taya na uzi mweupe unaotoka ndani yake. Jua likapanda. Mama akamwita, "Mume wangu, hicho kichwa ni cha supu au cha shule?" Supu ilinywewa jioni, na kila mgeni alionyeshwa kitundu kwanza.

Mdomo ulirudi karibu wote, ila kwa namna yake. Alipobana midomo apulize chai, kidevu kilifanya vishimo, kana kwamba amri imefika nyumba mbili kwa wakati mmoja. Dakta Tomaso alifurahi mno kuona hivyo. Alimwomba awe anakuja kila mwaka wanafunzi wa uganga wamwone. Walimchora matawi yote shavuni kwa kalamu ya wino. Mwaka mmoja alisahau kunawa, akapita mnadani na uso wake wa mistari, akijibu shikamoo za vijana kwa heshima zote, wala hakujua wanacheka nini.

Mmoja wa wanafunzi hao, Philemon, sasa ni mganga wa hospitali, na yuko nasi hapa. Juzi alitueleza kuhusu msichana aliyeletwa kwake na jipu kubwa la taya. Njia fupi ilikuwa kupasua palepale lilipovimba. "Mkono ulikwenda hapo," alisema, "nikakumbuka kovu la Mzee Theodory. Nikashuka vidole viwili chini ya mfupa, niukwepe ule uzi." Msichana huyo ameolewa, na anacheka pande zote mbili. Baba hakuwahi kuambiwa habari hizi. Tunasikitika kwamba hakuzisikia.

Mwezi Januari mwaka huu, akiwa anakunywa chai, mdomo wake ulianguka tena, safari hii kulia. Alimwita Ernestina, ulimi ukiwa mzito. "Tazama paji. Linakunja pande zote?"

"Linakunja, Baba."

"Basi kosa haliko shavuni, maana mshipa wa usoni ukifa wote, paji nalo hulala. Liko ndani ya kichwa. Tafuteni gari."

Kilikuwa kiharusi, kama alivyodhani. Hospitalini walimpa miezi minne zaidi, tunayoishukuru. Mkono wa kulia ulikataa, lakini akili ilikuwa yake. Wauguzi walilalamika, kwa upendo, kwamba kila sindano ilibidi ielezwe. Kiharusi cha pili kilimpata akiwa nyumbani, na asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Mei 1996, alifariki dunia mikononi mwa mkewe akiwa na umri wa miaka hamsini.

Marehemu ameacha mama mzazi, Bibi Severina, mjane, Fabiola, watoto wanne, Ernestina, Basili, Fransiska na Urban, mjukuu mmoja, Zita, ambaye ameanza kusema na tayari anauliza "nini hiki?", pamoja na ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake wa shambani.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Theodory, umpe pumziko na amani. Na akikuuliza, umjibu.