Paipu Niliyoielekeza kwa Jirani

Mwenyekiti wa ushirika wetu wa mafundi amenipa dakika tano, na nimemwambia mbele yenu kwamba hazitoshi. Mwenye haraka, mlango ndio ule. Na msinipigie makofi. Wengi wenu mlinicheka nikiwa chini, mkasema fundi mzima anajengea kelele nyumba. Niliwasikia. Kuta za ukumbi huu wa kanisa ni za mbao, na mbao nazijua.

Kwa wasionijua, mimi ni seremala. Nilitoka Vihiga nikiwa kijana, na miaka kumi na tisa nimefanya kazi kwenye kibanda kimoja kule Muthangari, nyuma ya mahali wanauza maua ya vyungu. Kabati za jikoni za zile ghorofa mpya za Kilimani, nyingi nimezitengeneza mimi. Sina kazi nyingine. Sijui kuuza, sijui kuendesha gari, na shamba la baba walishagawana ndugu zangu. Nikitolewa kwenye mbao mimi si kitu. Wekeni hilo kichwani, kwa sababu ndilo lililotaka kuniponyoka.

Ndugu zangu, nawaambia jambo ambalo nyote mnafanya. Ukimaliza kukata mbao, hasa hizi za MDF, mbao za kusagwa na kugandishwa kwa gundi, ambazo unga wake ni laini kuliko wa uji, unafanya nini? Unajipangusa, unavuka barabara, unanunua paketi ya maziwa, unaimaliza kwa mkupuo mmoja. Eti kuosha kifua. Fundi aliyenifunza alinipa somo hilo kabla hajanionyesha kushika randa, nami nikawafunza wengine. Wewe uliyekaa karibu na dirisha, usijifiche, hiyo paketi naiona kwenye mfuko wako.

Basi nimekunywa maziwa miaka yote hiyo, na mwaka juzi nikaanza kukohoa. Kwanza ilikuwa asubuhi tu. Halafu nikawa nikipandisha kabati mgongoni, nikifika ghorofa ya tatu naketi chini natafuta pumzi. Nikaongeza maziwa, yakawa paketi mbili. Mke wangu akanivuta mkono hadi kliniki. Daktari, msichana mdogo kuliko binti yangu wa kwanza, akanisikiliza kifua, akaniuliza najikinga vipi na vumbi. Nikamjibu, tena kwa kiburi, kwamba nakunywa maziwa.

Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Baba, maziwa yanaenda tumboni," akasema. "Vumbi liko kwenye mapafu. Hayo mawili hayakutani."

Akamalizia kwamba ama vumbi litoke kwenye kibanda, ama mimi nitoke. Nilimtukana moyoni njia nzima. Lakini hofu ilikuwa imeshaingia, na hofu ndiyo iliyonipeleka mjini.

Kule chini katikati ya jiji kuna mzee wa Kimombasa anayeuza mashine zilizotumika. Akanitafutia feni kubwa yenye mota. Kazi yake ni kufyonza vumbi pale pale msumeno unapokata, kulipitisha kwenye paipu na kuliangusha ndani ya pipa, kisha hewa inayobaki inachujwa na mfuko wa kitambaa. Mzee akanieleza bila haraka, kwa Kiswahili chao kile cha kupangwa, kwamba paipu ziwe pana, kona ziwe chache na zisiwe kali, na ule mfuko nisiutoe.

"Fundi wangu, hewa ikiingia sharti ipate pa kutokea," akaniambia.

Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nafunga mzigo kamba. Mimi nifundishwe ufundi na muuza duka?

Nikaifunga mashine. Ilifyonza vizuri, ila ilinguruma mpaka maua ya jirani yakatikisika. Ng'ambo ya ukuta wangu kuna jumba la tajiri mmoja ambaye kwa miaka kumi na tisa hajawahi kunipa hata salamu. Hakuja kuniambia kitu. Alimpigia simu landilodi, na landilodi akaja amevimba: mwezi ukiisha kabla kelele haijaisha, nihame. Sasa pimeni wenyewe. Nikizima mashine, kifua kinaniua. Nikiiwasha, nafukuzwa. Njia zote mbili mwisho wake ni mimi bila mbao.

Nilimchukia yule mtu. Sitapamba maneno eti kwa sababu tuko kanisani. Nilikuwa napiga mswaki nikimchukia. Na kwa chuki hiyo nikajenga sanduku la kufungia mashine. Mbao nene, ndani nikapigilia magodoro kuukuu, kila ufa nikauziba kwa gundi. Sisimizi asingepita. Kelele ikashuka kweli, lakini hewa nayo ikakosa njia. Mota ikachemka, feni ikakosa nguvu, msumeno ukarudi kunitemea vumbi usoni.

Mwenye akili angerudi mjini kuuliza. Mimi nikautoa ule mfuko. Nikachukua paipu ya maji taka, nikaiunga kona kwa kona, nikatoboa ukuta nyuma ya maua yanayotambaa, mahali pasipoonekana, nikaielekeza upande wa pili. Vumbi lote, bila kuchujwa, kwa tajiri. Alitaka nimpunguzie kelele, nikampunguzia.

Wiki sita nilifurahi. Nikaanza kusikia mtu akikohoa ng'ambo, na nikimsikia naongeza kazi. Kuna mbao nilizikata ambazo hazikuwa za mteja yeyote. Na kila Jumapili nilikuja hapa hapa nikawaongoza kwa maombi, nanyi mkasema amina. Kwa hiyo msiniangalie hivyo.

Siku moja mchana mlango ukagongwa. Amesimama mwanamke, dada wa kazi wa lile jumba, amebeba shuka nyeupe. Naiita nyeupe kwa heshima tu, kwa sababu ilikuwa na vumbi la kahawia kutoka pindo hadi pindo. Akaniuliza kama ni mimi mwenye hiyo vumbi. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia amwambie tajiri wake aje mwenyewe kama ni mwanamume.

"Tajiri yuko nchi za nje tangu mwezi uliopita," akasema. "Kwa boma niko mimi na soja wa geti tu. Hiyo vumbi umekuwa ukinitumia mimi."

Akataka kuendelea, kikohozi kikamkata. Akashika fremu ya mlango akakohoa, na ndugu zangu, kile kikohozi nilikijua. Kilikuwa changu. Alipopata pumzi akasema, "Na maziwa nimekunywa mpaka nimechoka. Soja aliniambia inaosha kifua. Mbona haioshi?"

Hapo ndipo niliposhindwa. Ilibidi mdomo huu umwambie yale ya daktari, kwamba maziwa yanaenda tumboni. Nilijua tangu kliniki. Nilijua, na bado nikampulizia.

Nikaomba msamaha. Akaniambia pole yangu haifui nguo. Basi nikavuka kwenda upande wake, nikapiga magoti kwenye karai nikafua. Shuka nne, mapazia na taulo. Kila nikidhani nimemaliza ananionyesha kidole, "Suuza tena." Soja alicheka mpaka akaketi. Nikasuuza tena.

Kesho yake niliing'oa ile paipu, nikaziba tundu kwa saruji, nikarudi mjini kwa mzee. Nikamwambia sikumsikiliza. Akaniagizia kahawa, akachukua penseli akanichorea. Sanduku likabaki, lakini nikalitobolea mahali pa hewa kuingia kupoza mota na mahali pa kutokea, na pale pa kutokea nikajenga kichochoro cha kupindapinda kilichotandikwa godoro. Hewa inapita, kelele inachoka njiani. Paipu nikaweka pana, na badala ya kona moja kali nikaweka mbili za kulala. Kila mashine ikapata kifuniko chake kwenye paipu, ile isiyofanya kazi unaifunga ili nguvu ya kufyonza iende kwa nyingine. Mfuko nikarudisha, mpya, mzito, na usoni nikavaa barakoa ya maana. Leo mkija kwangu, tandikeni meza kitambaa cheusi, kateni mbao, kisha angalieni kama kina vumbi.

Tajiri alirudi. Alisimama getini mwake, akamuuliza soja kama yule seremala alihama. Salamu bado hajanipa. Nami simpendi, na sitawadanganya kwamba nimeshapita hapo. Ila kibanda ni changu, landilodi amenyamaza, na mwezi jana nilipandisha kabati hadi ghorofa ya tano bila kuketi.

Namshukuru daktari niliyemtukana. Namshukuru mzee wa mjini, ambaye hajanikumbusha hata mara moja kwamba aliniambia. Namshukuru mke wangu kwa ule mkono alionivuta. Na kuna mtu ameketi kule nyuma, amekataa nimtaje, amekuja tu kuhakikisha nasema yote. Nimempeleka kwa daktari yule yule, na naendelea kumpeleka. Mimi nimepona. Yeye asubuhi bado anakohoa. Mkitaka kujua kwa nini nimekataa makofi, ndiyo sababu.

Jumamosi kibanda kiko wazi. Njooni na futi zenu, mpime sanduku, mchore paipu, mwende mkajenge. Atakayekuja kucheka naye nitampa futi. Na wewe wa dirishani, paketi yako usiitupe. Maziwa ni chakula. Kunywa ukiwa na njaa.