Ardis Tollefsrud na Kura Iliyopigwa Mlango Ukiwa Umefungwa

Ardis Jeanette Tollefsrud, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 shambani kwa wazazi wake, Palmer na Inga Quamme, nje kidogo ya Elverton, Dakota Kaskazini. Alikuwa kitinda mimba, na dada zake walisema alizaliwa akibisha.

Alimaliza sekondari ya Elverton mwaka 1959, akaajiriwa ukarani kwenye ghala la ushirika la nafaka. Wakulima walimpenda, na walimwogopa pia.

Tarehe 8 Juni 1963 alifunga ndoa na Merle Tollefsrud katika kanisa hili hili. Merle ni mtu wa maneno machache, kwa hiyo Ardis aliongea kwa niaba ya wote wawili. Walijaliwa watoto wawili, Curtis na Janelle. Lefse zake, ile mikate myembamba ya viazi, tuseme ukweli leo, zilikuwa ngumu kama ngozi ya kiatu, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mwaka 1979 alichaguliwa kuingia kwenye bodi ya shule za wilaya, na baadaye akawa mwenyekiti wake. Jioni ya Jumatatu, tarehe 11 Januari 1988, bodi ilikutana kuamua kama shule ndogo ya Tamrud ifungwe, watoto wake waletwe mjini kwa basi. Fedha zilikuwa zimekauka, na Ardis aliamini kwa dhati kwamba hakuna njia nyingine. Kura zilikuwa mbili kwa mbili, yake ikaamua: ifungwe. Alipotoka nje akamkuta Duane Skogen, mfugaji wa Tamrud, na majirani zake wamejikunyata kwenye theluji.

"Duane! Mnafanya nini nje na baridi hii?"

"Tunangoja mtufungulie, mama. Tumegonga mpaka mikono imekufa ganzi. Mkutano unaanza saa ngapi?"

"Umekwisha."

"Umekwishaje, na sisi tuko hapa?"

Mtunza jengo alikuwa amefunga mlango kama afanyavyo kila jioni, akaenda zake nyumbani. Hakukusudia ubaya. Lakini sheria inataka mkutano wa bodi ya shule za umma uwe wazi kwa kila mtu, na uamuzi uliofanywa wananchi wamefungiwa nje unaweza kutenguliwa. Wakili wa wilaya alimsihi asilikoroge.

"Ardis, achana nalo. Umeshinda. Nani atashtaki? Hata hawajui kama wana haki hiyo."

"Watajua. Nitawaambia mimi."

"Mwenyekiti anawafundisha watu kuishtaki bodi yake! Una wazimu wewe?"

"Ninao. Sasa niandalie tangazo la mkutano mpya."

Wenzake waliokuwa upande wake walimnunia. Mkutano wa pili ulifanyika kwenye ukumbi wa mazoezi, milango yote wazi, baridi ikiingia itakavyo. Wazazi wa Tamrud waliongea mpaka sauti zikawakauka. Mama mmoja alieleza jinsi mwanawe wa miaka sita angepanda basi gizani na kurudi gizani. Mjumbe mmoja akabadili kura yake. Ardis hakubadili, alipiga kura shule ifungwe, akashindwa mbele ya mji mzima, akatangaza matokeo mwenyewe bila kumung'unya maneno. Uchaguzi uliofuata, Tamrud walimpa kura karibu zote. Alitumikia bodi hadi mwaka 2003.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022. Familia inawashukuru kwa dhati wauguzi, na majirani walioleta chakula mpaka jokofu likakataa kufunga. Katika siku zake za mwisho Janelle alimuuliza, "Mama, kuhusu Tamrud ulikuwa sahihi?"

"Kwenye hesabu, ndiyo. Kwenye mengine yote nilikosea. Namshukuru Mungu hawakunisikiliza."

Alifariki nyumbani tarehe 6 Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu, Merle akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na kitukuu mmoja, Hattie, anayesoma darasa la kwanza katika shule ya Tamrud. Asubuhi hii Hattie aliomba ruhusa kwa mwalimu wake aje kumzika bibi. Shule nzima imekuja naye. Hao ndio mnaowaona wamesimama kule nyuma.

Ardis, asante. Pumzika sasa, kwa amani yote.