Polisi Alianzia Wapi

Benchi la kona ya kanisa, kijiji kimoja cha milimani juu ya mji wa Chota, lina wenyewe. Kuna Waziri, aliyekuwa diwani muhula mmoja na hadi leo hajapoa. Kuna Jogoo, msuka kofia, mdomo haujui kupumzika. Jumatatu hiyo Hoyler Vásquez alijibana katikati yao, mkoba miguuni, digrii ya sosholojia ndani ya mkoba, kazi hana. Basi la saa sita lingempeleka Cajamarca, chuo cha polisi. Baba yake, kiongozi wa ronda, ile doria ya wanakijiji wanaopokezana zamu usiku kulinda mifugo, alishatamka: ukivaa yale magwanda, kwangu usirudi. Kahawa ilikuwa ya tatu, na Hoyler bado hajaamua.

— Polisi ni kazi ya heshima, kijana, Waziri alisema. Ilianzishwa na mfalme wa Hispania kulinda wajane.

— Wajane gani, mzee? Hoyler akadakia. Ililetwa kulinda mashamba ya matajiri, babu yako asiguse hata hindi moja! Nimeyasoma hayo miaka mitano, wakanipa karatasi ya kufungia jibini.

— Na sasa unakwenda kuwalinda hao hao, Jogoo akacheka.

— Nina njaa, Jogoo. Wewe una kofia za kuuza.

— Sikiliza, msomi. Ni Wainka walioanza. Walifuga mbwa wa kubwekea wavivu. Wahispania walipofika wakawavisha buti.

— Mbwa, buti? Hoyler akauliza.

— Unadhani kwa nini polisi ukimpa kuku anatulia?

— Upuuzi! Waziri akagonga kikombe. Polisi ilianzishwa na mwizi, huyo huyo mfalme. Alishaiba vya kutosha, akaogopa wezi wenzake, akaajiri mlinzi.

— Hilo ndilo la kwanza lenye akili tangu ushindwe uchaguzi, Hoyler akasema.

— Ndiyo maana tuna ronda! Jogoo akadakia. Kila mtu na zamu yake. Hapa mwizi hapiti!

Mama Zoraida, jirani yao, alikuwa ameshasimama mbele yao, kamba iliyokatwa mkononi.

— Ng'ombe wangu wote wawili wamechukuliwa usiku.

— Pole, mama, Waziri akasema.

— Pole nimepewa nyingi. Zamu ya jana ilikuwa ya nani?

Jogoo akainamia kofia yake. Waziri akaanza kukohoa. Zamu ilikuwa yao watatu, na wote watatu walibaki nyumbani: mmoja kwa baridi, mwingine kwa mgongo, Hoyler akipanga nguo za safari.

Basi likapiga honi.

— Na wewe, mwana wa Vásquez, mkoba wa nini?

Hoyler akafungua kinywa aseme anakwenda kuwa polisi. Honi ikalia tena, kisha basi likashuka mteremko na vumbi lake.

Akasimama, akaipokea ile kamba.

— Nyayo zimeelekea wapi, mama?