Odeta Luhaga na Mashine Iliyoachwa Ikihesabu

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, Rose Chenge alikaa kwenye kigoda nyumbani Mabatini, jijini Mwanza, mbele ya kompyuta ya binti yake, akisubiri simu kutoka hospitalini. Binti huyo, Odeta, alikuwa amepelekwa huko jioni na mjomba wake Mhoja, akilalamikia maumivu ya kichwa na shingo. Mama alikwisha kujifunga kitenge amfuate, Odeta akamzuia mlangoni.

"Mama, ni malaria tu. Wewe kaa na mashine, umeme wa LUKU usiishe. Ukiona rangi moja imetanda upande mzima, nipigie."

Mama akatii. Saa kumi na dakika kumi alfajiri simu ikaita. Alikuwa Mhoja, akilia: Odeta ametutoka.

Odeta alizaliwa Misungwi tarehe 9 Machi 1994, mtoto wa pili wa marehemu Yakobo Luhaga, mfugaji, na Rose, msokota kamba za katani.

Alianza Shule ya Msingi Mwalugoye mwaka 2001. Akiwa darasa la tano aliuliza kwa nini sindano ya dira huelekea kaskazini. Mwalimu akajibu kwamba dunia ni sumaku. "Nani aliitia hiyo sumaku?" Akarudishwa nyumbani akamlete mzazi. Baba akaenda, akavua kofia, akasema, "Mwalimu, na mimi nimekuja kusikia jibu." Baada ya sekondari jijini Mwanza, alisomea fizikia chuo kikuu, Dar es Salaam.

Kuanzia mwaka 2020 alifundisha chuoni Mwanza, na mwaka uliofuata akaanza utafiti wa shahada ya uzamivu. Siku moja mwaka huu mama, akisokota kamba uani, alimuuliza kazi yenyewe ni ipi.

"Ndani kabisa ya dunia kuna chuma kilichoyeyuka, mama, kinapitisha umeme. Kinachafuka kama uji unaochemka. Uzi wa sumaku ukinaswa humo unavutwa, unasokotwa, unakunjwa, kama unavyofanya wewe."

"Mimi ncha naifunga kwenye nguzo. Huko nani ameshika ncha?"

Odeta alicheka mpaka akakaa chini. "Mama! Hilo ndilo swali langu la miaka minne!"

Alimweleza kwamba mchafuko peke yake huzaa visumaku vidogo vinavyoelekea kila upande, vikafutana. Lakini tabaka moja likikimbia kuliko jirani yake, kama maji yanavyopishana ubavuni mwa kivuko cha Kamanga, yeye aliamini kupishana huko hunyoosha vile vidogo hadi vikawa sumaku moja kubwa, bila mkono wa mtu. Kompyuta ilikuwa inahesabu hilo. Nyekundu ni sumaku inayoelekea huku, bluu ni inayoelekea kule. Siku ya kumi na tisa, alipougua, rangi zilikuwa bado zimechanganyika kama kunde na choroko. Umeme ungekatika, kila kitu kingeanza upya.

Hakujaliwa kufunga ndoa. Barua ya posa ya Elias Agutu wa Musoma ilipokelewa tarehe 26 Aprili mwaka huu, harusi ikapangwa Desemba. Odeta alimwambia, "Mashine kwanza, harusi baadaye." Elias akajibu, "Kumbe nimekuja kuwa mume mwenza wa kompyuta."

Jumapili aliimba kwaya. Jumatatu alifundisha. Jumanne homa ikampanda, na kabla ya kucha hakuwepo. Madaktari walisema ni homa ya uti wa mgongo. Mama hakuwa naye alipokata roho. Alikuwa analinda rangi. Hata jana asubuhi alimimina chai vikombe viwili.

Waombolezaji walipofika, vyumba viliondolewa vitu kama ilivyo desturi, ili watu wapate pa kulala. Chumba cha Odeta, chenye mashine, mama alikifunga, ufunguo akauvaa shingoni.

"Dada, mashangazi wamelala nje na baridi hii," Mhoja alimwambia.

"Wapeni kitanda changu. Hapa hapafunguliwi."

Wapishi walinong'ona kwamba anaficha kitu, tena mfiwa gani anauliza LUKU kabla ya jeneza? Mama mwenyewe aliogopa kuingia, asije akakuta rangi zimechanganyika vilevile.

Ameacha mama, kaka yake Luhende, mdogo wake Winnie, mjomba Mhoja, mchumba wake Elias, na wanafunzi wengi.

Yanayofuata hayamo katika kipeperushi cha wasifu mlichopewa. Yameandikwa kwa mkono asubuhi hii, Jumamosi tarehe 14 Juni, kabla ya msafara kuondoka Mabatini kuja hapa Misungwi kwa mazishi.

Sharon Ogweno, aliyefanya utafiti pamoja na Odeta, alifika alfajiri. Mama akavua ufunguo, akampa, Sharon akafungua. Mashine ilikuwa bado inanguruma. Kiooni, juu kulikuwa na nyekundu tupu. Chini, bluu tupu. Sharon aliangalia tarakimu, akaziba mdomo.

"Mama, imeshika. Tangu juzi mchana."

"Nani ameshika ncha?"

"Hakuna, mama. Imeshika yenyewe."

Mama alichukua simu, akatafuta jina la Odeta, akapiga, kama alivyoagizwa. Ikaita ndani ya mkoba wa Odeta uliorudishwa kutoka hospitalini.

Mlango umeachwa wazi. Mama anasema: mashangazi, tukirudi leo mlale humo. Odeta, lala salama, mwanangu. Mashine haikuzimwa.