Punda wa Jiwe Shingoni mwa Mtoto

Wapendwa, Sabato njema. Msipige makofi kwanza. Mkisikia nitakayosema, huenda mkataka makofi yenu yarudi.

Mnanijua. Nimefundisha chekechea hapa Nyacheki miaka mingi, na wengi wenu mmeniletea watoto mkisema, "Mwalimu huyu ni mkali, lakini watoto wake wanaongea Kiingereza kama wa mjini." Nami kichwa kikavimba. Sifa ni tamu jamani.

Siri ya Kiingereza hicho ilikuwa punda. Nilimwagiza kwa fundi mmoja wa kule Tabaka, punda mdogo wa jiwe la sabuni, lile laini la kuchongea vinyago, nikampitishia kamba ya mkonge. Mtoto akiteleza akasema neno la Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, darasani, anavishwa. Anakaa naye shingoni mpaka amsikie mwenzake akiteleza, ndipo amhamishie. Msinitazame hivyo! Wengine wenu mlivaa kitu kama hicho shuleni, nami nilivaa. Tulidhani ndiyo elimu.

Basi akaja msichana wa miaka minne. Jina lake silitaji. Mama yake aliniambia nyumbani hafungi mdomo hata akila. Siku ya kwanza akaomba kwenda choo kwa Ekegusii. Nikamvisha punda, nikamwambia aombe kwa Kiingereza. Hakukijua. Akakaa akinitazama, mpaka nikaona maji yakitiririka chini ya kiti chake. Wenzake wakacheka. Nikapangusa sakafu, nikaendelea na kuimba herufi.

Muhula haujaisha, mtoto akanyamaza. Kwanza shuleni, kisha hata nyumbani. Hospitali wakasema ulimi ni mzima, masikio ni mazima. Ndipo mama yake akamleta hapa mbele, Sabato moja, tukamwekea mikono. Na mimi nikaweka wangu. Ndugu zangu, nawaambia, nilifunga siku mbili nikimsihi Mungu amtoe pepo bubu, na punda yumo ndani ya mkoba wangu!

Likizo ilipofika tukaitwa semina mjini, walimu wa chekechea wa Kisii na Nyamira. Kila mtu aje na kifaa cha kufundishia alichotengeneza kwa vitu vya kwao. Wenzangu wakapanga mezani magunzi ya mahindi, maharagwe, wanasesere wa majani ya mgomba. Mimi nikamtoa punda kwa mbwembwe, nikaeleza kazi yake. Wengine wakacheka, maana hata wao walikuwa na wa kwao.

Mkufunzi, binti mdogo kutoka mbali, hakucheka wala hakunigombeza. Akasema, "Mwalimu, utakubali tucheze mchezo mdogo? Umvae mpaka saa ya chai, na uongee lugha ya kwetu pekee."

Nikajibu, hilo dogo. Lugha ya kwao siijui hata salamu. Na asubuhi hiyo nilikuwa nimepitia sokoni Daraja Mbili nikanywa chai vikombe vitatu. Naona mmeanza kucheka, mnajua tunakoelekea.

Nikainua mkono. Akaniuliza kitu kwa lugha yake. Nikafungua mdomo, hamna neno. Nikabana miguu. Ukumbi mzima unanitazama, jasho linanitoka, punda ananigonga kifuani, na hapo nikakiona kile kiti kidogo na maji chini yake. Nikapiga ukelele! Nikalia mbele za watu, "Ni mimi! Ni mimi niliyemnyamazisha!" Yule binti akanivua punda, akanishika mkono mpaka chooni, akaningoja mlangoni.

Siku zilizofuata akatufundisha kwamba mtoto mdogo hupata lugha ngeni akiwa amesimama juu ya lugha ya nyumbani kwao, na kwamba hata mtaala unasema hivyo. Mtaala wenyewe nilikuwa nao kabatini. Sikuwahi kuufungua.

Niliporudi nilijifungia ndani. Nikaandika barua ya kuacha kazi, nikaichana, nikaandika nyingine. Mwisho nikaenda shambani kwa mama wa mtoto, nikamkuta akichuma chai, nikamwambia yote. Hakuacha kuchuma. Alimaliza mstari mzima, nami namfuata nyuma kama kifaranga. Kisha akageuka.

"Na kanisani mkono ulimwekea, mwalimu?"

"Nilimwekea."

"Basi hiyo barua usiniambie habari yake. Wewe ndiye uliyemfunga ulimi. Njoo umfungue."

Shule ilipofunguliwa niliwasalimu watoto kwa Ekegusii. Wakatazamana, wakitafuta punda yuko wapi. Nikawaambia nilikosea. Nikakata ile kamba, nikamweka punda kwenye kona ya michezo pamoja na magunzi. Wiki zikapita, msichana wangu kimya. Kila jioni nilimtazama akienda zake, nikasema moyoni, nimemharibu.

Asubuhi moja nikamkuta peke yake kwenye kona ile amempakata punda, anamnong'oneza kwa Ekegusii: "Usiogope. Sema tu. Hata ukitaka kukojoa, sema tu."

Nikakaa sakafuni. Nikamuuliza polepole, kwa Ekegusii, "Naye punda anasemaje?"

Akanitazama sana. "Anasema bado anakuogopa kidogo."

Nikamwomba punda msamaha. Kwa sauti, watoto wengine wakiingia.

Namshukuru yule binti aliyeningoja mlangoni. Namshukuru mama wa mtoto huyo, aliyekaa miongoni mwenu, ambaye angeweza kuniaibisha sokoni na hakufanya hivyo. Na walimu wenzangu, semina ikiitwa, nendeni, hata kama mnajiona mmehitimu zamani. Sina mahubiri mengine, ila hili: kabla hujamwombea mtu afunguliwe, tazama kwanza kama kamba haiko mkononi mwako.

Jana msichana huyo aliongea tangu kengele ya asubuhi mpaka ya kwenda nyumbani. Kuku wao, shangazi yake, ndizi iliyoanguka, yote! Kichwa kiliniuma. Neno "nyamaza" likanifika kooni, nikalimeza.

Kama makofi bado mnayo, mpigieni yeye.